Madamu Asiyesalimia

Watu wa Kasulu watakusamehe karibu kila kitu. Kuku wako akifukua mbegu za jirani, mtagombana asubuhi, jioni mtaombana moto. Mtoto wako akivunja mtungi wa watu, utasema pole, yataisha. Lakini ukimpita mtu njiani kimya, hilo halisahauliki, na wajukuu watasimuliwa. Huku salamu ni kazi, tena kazi ya kusimama. Mnashikana mikono, mnaulizana mmeamkaje, watoto je, shamba je, yule mgonjwa wa juzi je, na mwenye mzigo kichwani atausahau kwanza. "Mwakeye," wanasema asubuhi, na aliyeko ng'ambo ya bonde naye anapigiwa ukelele mpaka aitikie.

Mimi nimeishi huku miaka mingi, kwanza Kibondo, kisha Kasulu, nikijulikana kama yule madamu asiyesalimia. Wengine waliongeza kwamba watu wa kwetu Kondoa ndivyo tulivyo, tuna majivuno. Ningewajibu, maana ulimi wangu hauna breki, lakini utamjibu nani wakati hujui nani kapita?

Nilikuwa siwaoni, jamani. Ndiyo siri yote.

Si upofu. Ukikaa nami meza moja nakuona. Ukisogea hadi mlangoni, uso wako unaanza kufutika. Ukifika barabarani umeshakuwa ndizi iliyomenywa: hakuna macho, hakuna mdomo. Rangi nazo hunichezea, bluu inajifanya kijani, njano inajifanya nyeupe. Watu nawajua kwa sauti, kwa mwendo, kwa kikohozi. Mtu akitaka nimjue, na aseme.

Shuleni hakuna aliyegundua, na sababu ni shikamoo. Mdogo ndiye anayeanza. Mwanafunzi akinikaribia anasema, "Shikamoo madamu," namjua kwa sauti, namjibu, "Marahaba," maisha yanaendelea. Shule nzima ni wadogo zangu, hata walimu wenzangu wengi ni vijana. Ila nikitoka tu getini mambo yanageuka, kwa sababu njiani kuna wazee, na kwa wazee mimi ndiye ninayetakiwa kuanza. Wao wananingoja nianze. Mimi nangoja nisikie sauti. Basi tunapitana hivyo hivyo, wao wameumia na mimi sina habari.

Baba yangu alikuwa vilevile. Kule Kondoa walimwita mzee wa nyodo. Msikitini alikuwa anabaki nyuma hadi watu wote watoke, na sisi watoto tukadhani ni uchaji Mungu. Kumbe alikuwa anangoja njia iwe tupu asije akamkosea mtu. Alikufa na marafiki wachache, wote wenye sauti nene.

Kibondo ndiko nilikopangiwa kazi kwanza, na ndiko nilikojifunza upweke, neno ambalo sitalipamba. Baba wa mtoto wangu alikuwa Tabora. Tuliahidiana uhamisho, uhamisho haukuja, baadaye na yeye akaacha kuja. Asubuhi magari meupe ya mashirika yalipita kwenda kambi ya wakimbizi ya Nduta yakituachia vumbi jekundu kwenye nguo tulizoanika, na kila mtu mjini alionekana ana mwenzake wa kwenda naye mahali. Jumapili ilikuwa mbaya zaidi. Kwaya zinaimba upande huu na upande ule, mtaa mzima uko kanisani, mimi Mwislamu niko barazani na redio, mtoto mchanga mgongoni. Wakirudi walikuwa wanapita mbele ya nyumba yangu wakiongea. Wakifika usawa wangu wananyamaza. Wakishapita wanaendelea. Ule unyamavu niliusikia vizuri kuliko maongezi.

Aliyenisemesha alikuwa mama mmoja Mrundi, mkimbizi, aliyekuwa akiuza vitunguu kwenye soko la pamoja la wakimbizi na wenyeji. Yeye alimwita kila mteja kwa sauti ya kuamsha wafu, kwa hiyo nikawa mteja wake wa kudumu, hata siku ambazo sikuhitaji kitunguu. Aliwahi kunieleza kwamba mgao wa chakula ukipungua, kambini majirani huweka unga wao pamoja wakapika chungu kimoja. "Ukipika peke yako siku ya njaa, unakula leo tu," alisema. Nilicheka nikaenda zangu nyumbani kupika peke yangu.

Baadaye nilihamishiwa Kasulu. Mtoto akakua, na mimi nikaendelea na somo langu, baiolojia. Kila mwaka, kidato cha kwanza wakifika kwenye seli, nilikuwa nawaagiza kila mmoja aje na punje ya haragwe. Kasulu hakuna anayekosa haragwe. Kuna mwanafunzi wa Nyakitonto alileta mfuko mzima, mama yake akidhani ni mchango wa shule, tukapika tukala. "Shikeni haragwe lenu," nilikuwa nawaambia. "Hii ndiyo mitokondria. Ziko nyingi ndani ya seli zako, na humo ndimo chakula chako kinapogeuzwa kuwa nguvu ya kukimbia, kufikiri na kunisumbua mimi." Wakachora haragwe, wakatia mikunjo ndani, wakapata alama. Miaka yote hiyo sikuwahi kulitilia shaka lile haragwe.

Mtoto wangu alipokaribia kuanza darasa la kwanza, madaktari wa macho walikuja Kasulu, tangazo likapitishwa mitaani kwa gari lenye spika. Nilikwenda nikitaka miwani tu. Ya sokoni nilishaijaribu mingi na haikunisaidia kitu, nikafikiri labda ya daktari ina akili zaidi. Daktari alikuwa kijana mpole. Alinitia matone, akachungulia jicho moja, akahamia la pili, akarudi la kwanza. Akanyamaza. Mimi mtu akininyamazia napandwa na hasira.

"Sema, daktari. Mimi ni mtu mzima."

"Mwalimu, kwenu kuna mwingine asiyeona vizuri?"

Nikamweleza habari za baba na za msikitini. Akatikisa kichwa taratibu. Alisema kuna mshipa wa fahamu unaotoka jichoni kwenda kwenye ubongo, na pale unapoanzia panatakiwa pawe na rangi ya waridi. Pangu pamepauka. Si lenzi iliyoharibika, kwa hiyo miwani haiwezi kitu. Ni ugonjwa wa kurithi, unazila nyuzi za mshipa huo polepole tangu utotoni. Kipimo cha damu cha kuthibitisha jeni yenyewe hakikuwepo huku, ila kwa habari za baba yangu na kwa alichokiona, hakuwa na shaka kubwa.

"Kinachoharibika ni nini hasa?" nikamwuliza.

"Wewe unafundisha baiolojia, utanielewa upesi. Mitokondria zako haziungani vizuri."

"Ziungane na nini?"

"Zenyewe kwa zenyewe."

Nikamkatalia palepale. Nikamwambia mitokondria hukaa mojamoja kama maharage, nimefundisha hivyo tangu siku yangu ya kwanza darasani. Hakunicheka. "Mwalimu," alisema, "lile haragwe la kitabuni ni picha ya seli iliyokufa ikakatwa. Ukizitazama zikiwa hai, hazitulii."

Siku zilizofuata nilisoma kila nilichokipata kwenye simu, kioo kikiwa karibu kugusa pua. Nilichokuta kilinikasirisha, maana kilikuwa kizuri na hakuna aliyewahi kuniambia. Ndani ya seli iliyo hai mitokondria zinatembea. Zinarefuka zikawa nyuzi. Nyuzi mbili zikikutana huweza kuungana zikawa kitu kimoja, na baadaye uzi ukakatika zikawa mbili tena. Umbo lile si la kuzaliwa nalo. Seli yenyewe ndiyo inayoliamua, leo hivi, kesho vile, kwa kupima kiasi cha kuungana na kiasi cha kukatika.

Kuungana kuna hatua zake. Kila mitokondria ina utando wa nje na utando wa ndani. Mbili zikikaribiana, protini zilizosimama kwenye utando wa nje hushikana, kama watu wanaopeana mikono, na tando za nje zinakuwa moja. Kisha inakuja kazi ya pili: protini nyingine inaziunganisha zile za ndani. Hiyo ya pili ndiyo iliyo pungufu kwangu. Salamu inaanza, haimaliziki.

Na protini ya kukata ipo. Hujizungusha kiunoni mwa uzi, ikakaza na kukaza mpaka uzi unakatika. Nako kukatika si kubaya, kwa sababu kipande kilichoharibika kinatengwa na seli inakila, na vipande vifupi ndivyo vinavyosafiri kwa urahisi hadi mwisho wa mshipa mrefu. Kuungana ni kwa ajili ya kugawana: iliyochoka inapata kutoka kwa iliyo nzima. Na seli ikishikwa na njaa huacha kukata. Mitokondria zinaungana zikawa ndefu, na zilizoungana haziliwi, zinaivuka njaa. Hapo nilimkumbuka yule mama wa vitunguu na chungu chake kimoja, nikaiweka simu chini kwanza.

Zangu, kwenye mshipa wa jicho, zilikuwa vipande vipande, kila kimoja kivyake, na kikiwa kivyake hakidumu. Nililia, siwezi kusema uongo. Ila sikuyalilia macho, macho yangu nimeyazoea. Nililia kwa sababu ya sentensi moja, kwamba kila mtoto wa mtu mwenye jeni hiyo ana nusu kwa nusu ya kuirithi. Ningekuwa na watoto wengi ningepiga hesabu. Mimi ninaye mmoja. Nusu ya mtoto mmoja ni nini?

Daktari alikuwa amesema nimlete akishajua kusoma herufi. Kisha madaktari wakaondoka wasirudi tena Kasulu, na mimi nikabaki na nusu yangu. Sikumwambia mtu. Huruma ya watu inanichefua, na nilidhani mkuu wa shule akisikia ataniondoa darasani anipe kazi ya kulinda stoo.

Lakini maharage niliyaacha. Mwaka uliofuata niliwaagiza kidato cha kwanza waje na uzi. Nikawaonyesha unavyokatwa, unavyofungwa tena, nikaeleza mpaka jasho likanitoka. Nilikuwa nazungumza habari za jicho langu na wao hawajui. Nyuma ya darasa ikatoka sauti ya kijana wa Munanila, ile ya puani.

"Madamu, kwenye mtihani tuchore uzi au haragwe?"

"Haragwe."

"Si umesema si haragwe?"

"Chora haragwe upate alama zako, halafu ukae ukijua ukweli."

Walicheka sana. Na mimi nikacheka, ingawa niliporudi ofisini sikuwa na wa kumsimulia.

Sasa niwaeleze habari za jirani. Ni bibi aliyekuja kutoka Burundi akiwa msichana, akaolewa huku, akawa raia, na shamba lake la maharage limepakana na ua wangu. Kanisani ni mzee wa kikundi cha akina mama, na mambo ya adabu anayasimamia kama hakimu. Mtoto wangu alikuwa darasa la nne huyo bibi alipokuja Jumamosi moja akasimama mlangoni.

"Madamu, mwakeye."

"Mwakeye, bibi. Karibu kiti."

"Oya, hapana, sikai. Nimekuja na neno. Wewe tulishakuzoea, ndivyo Mungu alivyokuumba. Lakini na mwana naye?"

"Kafanya nini?"

"Alipokuwa mdogo alikuwa ananikimbilia, shikamoo bibi, shikamoo bibi, mpaka nacheka. Siku hizi ananipita kama anapita mti. Macho mbele. Jana nimekohoa makusudi, kimya."

Mama mwingine angeona aibu. Mimi aibu haikunipata kabisa. Niliingiwa na hofu. Zamani alikuwa anamwona, sasa hamwoni: ndivyo ugonjwa wetu unavyoanza.

"Alipokupita, ulikuwa umbali gani?" nikamwuliza.

"Ati?"

"Umbali, bibi. Kama kutoka hapa hadi kwenye ule mparachichi, au karibu zaidi?"

"Madamu, mimi nakuletea habari ya adabu, wewe unanipimia njia?"

"Na jua lilikuwa upande gani?"

"Yesu wangu!" akasema bibi, akajitanda kitenge chake, akaondoka. Alidhani namdhihaki. Nilimsikia akilalamika kwa Kiha hadi mwisho wa shamba.

Tangu siku hiyo nilimchunguza mtoto kama polisi. Tatizo ni kwamba mpimaji nilikuwa mimi. Nilianika kanga uani nikamwuliza ile ya mwisho ni ya rangi gani. "Njano, mama." Mimi niliiona nyeupe. Sasa nani kakosea? Nikamwuliza yule ni ndege gani kule juu ya mkaratusi. "Kunguru," akajibu bila kufikiri. Na mimi sikuwa nimeona ndege yeyote, nilimbuni ili nimtege mtoto! Labda kunguru alikuwepo kweli. Labda mtoto alikuwa ananiridhisha. Nilisimama pale uani nikitazama ukungu wa kijani ambao lazima ulikuwa mti, na sikuwahi kujiona niko peke yangu kama saa ile. Mtu wa kuniazima macho alikuwa jirani, na jirani ndiye huyo nimeshamuudhi.

Likizo ilipofika nikasikia redioni kwamba madaktari wa macho wako Kibondo. Kesho yake tukapanda gari la asubuhi. Mtoto alikaa dirishani akinisomea safari. Mama, watu wanafyatua matofali. Mama, yule mbuzi yuko juu ya kichuguu. Mama, baiskeli imebeba kitanda. Nilikuwa naitikia, "Ehe, naona," huku nageukia upande anaoonyesha. Angeweza kunidanganya njia nzima na nisingejua.

Daktari safari hii alikuwa mama wa makamo, mkali kidogo, tukaelewana. Mimi nilikaa kwenye benchi mikono nimeibana katikati ya magoti. Mtoto akaanza kusoma herufi kwa sauti ya darasani. Mstari wa juu. Wa chini yake. Nilikuwa nangoja anyamaze, maana napajua mahali pa kunyamazia, mimi mwenyewe nilinyamaza mapema. Hakunyamaza. Alisoma hadi chini kabisa, kisha akauliza kama kuna nyingine.

Wakampa vitabu vya kupimia rangi, akavimaliza. Wakamtia matone, daktari akachungulia jicho hili, akachungulia lile. Hakurudi la kwanza. Akazima taa yake.

"Mishipa yake iko vizuri, mama. Kwa umri huu na kwa hayo uliyonieleza, ningetegemea kuona dalili, na sijaona. Kuapa siapi, uwe unamleta kila mwaka tumtazame. Lakini ningekuwa wewe, leo ningelala usingizi."

"Alhamdulillahi!" nilisema kwa sauti kubwa, na Wakristo wote wa kwenye benchi wakaitikia amina.

Nilimnunulia mtoto soda, tukakaa kwenye kibaraza cha duka tukingoja gari la kurudi. Nilimtazama pua yake, masikio yake, nikamwona mzuri kupita kiasi. Halafu, kwa kuwa furaha kwangu haikai, nikaanza kuwaka. Kama macho ni mazima, basi kilichobaki ni utovu wa adabu.

"Kwa nini humsalimii bibi jirani?"

Akaendelea kunywa soda.

"Nakuuliza wewe."

"Si sisi hatusalimiagi watu, mama?"

"Sisi nani?"

"Mimi na wewe." Hakuwa anabisha. Alikuwa ananikumbusha jambo ambalo alidhani tunalijua wote. "Zamani nilikuwa nasalimia. Halafu nikaona wewe unawapita tu. Bibi unampita, babu wa mashine ya kusaga unampita, kila mtu. Nikajua kwetu ndivyo. Kwani walitukosea nini?"

Miaka yote nilikuwa nimeikodolea macho ile nusu, nikimwomba Mungu isimfikie, na haikumfikia. Nikamrithisha kingine kwa mkono wangu mwenyewe, njiani, kila siku tulipoongozana. Wala hakuna daktari angekiona kwa taa yake.

"Hawakutukosea kitu," nikasema. "Mimi siwaoni."

Akanigeukia.

"Yule mtu anayevuka barabara," nikamwambia, "unamwona uso?"

"Ndiyo. Anatafuna muwa."

"Mimi naona nguo inatembea. Asipoongea, sijui kama ni mama au ni baba. Siku zote iko hivyo, tangu nikiwa mdogo kama wewe. Babu yako pia. Ndiyo nimekuleta hapa wakutazame na wewe."

Mtoto wangu ni wa maneno mengi. Safari hii alimaliza soda kwanza, akaizungusha chupa mikononi.

"Na mimi je?"

"Wewe umepona... wewe huumwi, si umesikia?"

"Hapana. Saa ya mapumziko, ukipita nje ya shule yetu kwenda nyumbani kunywa chai. Huwa nakupungia mkono."

"Wapi?"

"Pale kwenye uzio. Nilikuwa nakupungia kila siku." Akaiweka chupa chini. "Halafu nikaacha. Nikajua hata mimi unanipita."

Nilimvuta nikamkumbatia pale pale kibarazani, mbele ya muuza duka na abiria wote. Nililia kwa sauti. Yeye hakulia. Alisimama tu, mwili umekauka kidogo, kama mtoto anayekumbatiwa na mgeni.

Tuliporudi Kasulu jua lilikuwa bado lipo. Kwenye njia ya kwetu nikamwuliza kama bibi yupo shambani.

"Yupo. Ameinama, anang'oa majani."

"Kaangalia upande gani?"

"Katupa mgongo."

Nikapaza sauti. "Mwakeye, bibi!" Ilikuwa jioni na hiyo ni salamu ya asubuhi, nilijua, ila ndiyo iliyokuja. Jembe likaanguka. Akatokea kwenye maharage akihema, tukashikana mikono, na kwa mara ya kwanza nilimwambia mtu wa huku kwamba sioni. Alinisikiliza hadi mwisho, akanisogelea hadi nikaziona nyusi zake.

"Ego, kumbe ndivyo," akasema taratibu. "Na mimi nimekaa nimekununia miaka yote hii. Umbali gani, madamu? Nikisimama hapa unaniona?"

Akarudi nyuma hatua, akauliza tena. Akarudi nyingine. Alikuwa ananipimia njia. Nilipomwambia hapo umeshapotea, aliguna, akarudi mbele upesi. Nilifurahi, sikatai. Lakini mtoto alikuwa amesimama kando akitutazama, na baada ya kusema shikamoo yake aliingia ndani bila kunishika mkono. Kuhusu uzio hakusema tena, wala mimi sikuthubutu kumwuliza kama ataanza upya.

Shule zikafunguliwa. Saa ya mapumziko nikashika njia ileile ya kwenda kunywa chai. Uwanja wa shule ya msingi ulikuwa umejaa, sweta zote za rangi moja ambayo siijui kama ni bluu au kijani, na katika watoto wote wale hapakuwa na uso hata mmoja. Kawaida ningengoja kusikia sauti. Safari hii aliyetakiwa kuanza ni mimi.

Nikasimama kwenye uzio wa michongoma, mtu mzima, mwalimu wa sekondari, nikanyanyua mkono nikaupungia uwanja mzima. Kelele za mpira zikapungua. "Madamu anampungia nani?" mmoja akauliza, wenzake wakacheka. Wengine wakaanza kunipungia kwa mzaha, naona ukungu unatikisika. Sikuushusha mkono. Bega likaanza kuuma, nikabadilisha mkono. Walicheka mpaka wakachoka, wakarudi kwenye mpira wao, na mimi bado napunga.

Ndipo nikasikia mtu anakimbia kuja upande wangu, na mwendo ule naujua.